Breki ya Jiwe

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imetoka kukatika. Hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Kabla ya saa nne nilikuwa na mke. Baada ya saa nne nilibaki na binti mmoja na chumba kimoja, na chumba chenyewe si changu.

Nitaeleza taratibu. Shule nilisoma kidogo, na maneno makubwa sina. Wenye maneno makubwa wako ofisini.

Sisi tunafanya kazi katika bustani ya watu wote. Bustani iko kwenye mteremko. Juu kuna ofisi, stoo na tangi la maji. Chini kuna maua, viti vya wageni na geti. Katikati kuna njia moja ya udongo. Inashuka, inapinda kwenye ukuta wa mawe, kisha inashuka tena. Chumba chetu kiko nyuma ya stoo. Ukiajiriwa hapa unapewa chumba. Ukiacha kazi unarudisha ufunguo.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Mke wangu alichemsha chai. Binti yetu, ambaye ni mtu mzima sasa, alifagia njia. Mimi nilimwamsha Kobe.

Kobe ni trekta. Si lile kubwa la kulimia mashamba. Ni trekta dogo la bustani, la kiti kimoja. Linakata nyasi na kuvuta tela. Lilikuja hapa likiwa limetumika mahali pengine mpaka wenyewe wakalichoka. Wakubwa wetu wakalinunua. Kisha wakalipaka rangi mpya. Rangi ilikuwa nzuri sana. Breki haikuwepo.

Siku ya kwanza nilikanyaga pedeli ya breki. Ilizama mpaka chini kama mguu kwenye tope. Nikaenda kwa msimamizi. Huyu sisi wafanyakazi tunamwita Bwana Kesho. Ukimwomba ndoo, kesho. Ukimwomba glovu, kesho.

"Bosi, trekta halishiki breki," nilimwambia.

"Nitaliangalia kesho," alisema. "Kwa leo tumieni jiwe."

Leo hiyo ilidumu miaka mitatu.

"Na msilifungue," aliongeza. "Atakayelifungua bila ruhusa atafute kazi kwingine."

Basi tukawa tunafanya hivi. Mtu mmoja anaendesha. Mtu wa pili anatembea pembeni, amebeba jiwe. Tukifika pa kusimama, dereva anapiga mluzi. Mwenye jiwe analitupa mbele ya gurudumu la nyuma. Kobe analigonga, anatikisika, anasimama. Mwenye jiwe alikuwa mke wangu. Mikono yake ilikuwa na shabaha. Wageni walimpigia makofi, wakamwita Mama Breki.

Mke wangu alicheka tu. "Breki ya dukani inataka fundi," alisema. "Mimi nataka chai."

Kulikuwa na amri nyingine mbili. Ya kwanza, trekta lishuke mteremko likiwa gia huru, ili petroli isiliwe. Ya pili, kila Jumamosi chuma chochote kinachopiga kelele kipakwe oili. "Chombo kikilia kina kiu," Bwana Kesho alisema. Kazi ya oili alipewa mke wangu pia. Aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Mke wangu hakupenda kusikia kitu kinalia.

Sasa nirudi kwenye Jumatano ile.

Tela lilikuwa na mifuko ya udongo wa maua. Udongo ulikuwa umenyeshewa, umekuwa mzito mara mbili. Nilisema tusubiri njia ikauke. Bwana Kesho alisema kuna wageni wakubwa wanakuja mchana, na maua lazima yapandwe. Siku hiyo hakusema kesho.

Tukashuka. Kabla ya kona nikapiga mluzi. Mke wangu akatupa jiwe. Lilitua palepale linapotua kila siku. Lakini chini kulikuwa na tope. Jiwe likateleza mbele ya gurudumu kama sabuni sakafuni. Mke wangu akalikimbilia ili alirudishe. Tela likamsukuma Kobe kwa nyuma, likageuka ubavu, likaenda ukutani. Mke wangu alikuwa kati ya tela na ukuta.

Hapo sitaongeza neno.

Watu husema, aliye juu mngoje chini. Mke wangu ndiye aliyekuwa chini. Wa juu hawajashuka mpaka leo.

Kwenye mazishi Bwana Kesho alikuja na wenzake wawili wa ofisini. Alinishika mkono, akasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini Mungu siye aliyetuletea trekta lile.

Wiki mbili zikapita. Ijumaa moja Bwana Kesho alikuja stoo. Nyuma yake watu wawili walibeba jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko lile la zamani, na limepakwa rangi nyeupe.

"Wakubwa wamelifikiria jambo lenu," alisema. "Hili ni zito, halitelezi. Na ni jeupe, linaonekana vizuri. Binti yako atashika nafasi ya mama yake kuanzia Jumatatu."

Nililitazama lile jiwe. Rangi ilikuwa bado mbichi. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka ufunguo wa chumba.

Jumapili bustani hufungwa. Asubuhi hiyo Shemeji alikuja. Shemeji ni mdogo wake marehemu mke wangu. Ni fundi katika gereji ya pikipiki na mashine za kukata nyasi. Ana sauti ya kuamsha mtaa, na ulimi wake haujui likizo. Tangu mazishi alikuwa hajanisemesha.

Alimkuta binti yangu nje, amelikumbatia jiwe jeupe, anajaribu kutembea nalo.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini hicho?"

"Jiwe la breki. Kesho naanza."

Shemeji aliingia chumbani, akashusha nguo za binti yangu kutoka kwenye kamba, akaanza kuzikunja.

"Shemeji, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Dada yangu nimemzika. Huyu simziki. Anaondoka na mimi."

"Nikikataa kazi wanachukua chumba."

"Basi lala nje, Shemeji. Nje hakuna tela."

Maneno hayo yaliniingia. Binti yangu ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni.

"Mama mdogo, nikiondoka wataleta mtu mwingine wa kubeba jiwe. Naye atakuwa mtoto wa mtu."

Shemeji akaacha kukunja. Alikaa kitandani, upande aliokuwa akilala dada yake.

"Dada aliniambia habari za jiwe," alisema. "Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake, maana alikuwa na mizaha." Alijifuta uso kwa kanga, akasimama. "Haya, nionyesheni hilo dude. Ni breki tu, si laana."

"Wamekataza kulifungua," nilisema.

"Na mimi sijaajiriwa nao. Wanifukuze."

Tulimsukuma Kobe mpaka mbele ya stoo, mahali tambarare kabisa. Shemeji hakugusa spana kwanza. Alizima kila kitu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akachomoa waya wa plagi.

"Mwanangu, hili ni la kwanza na usilisahau," alimwambia binti yangu. "Mashine inaweza kushtuka ikawaka, na wewe umelala chini yake. Ukitoa huu waya, haiwaki. Halafu zuia magurudumu yasitembee."

Binti yangu alileta jiwe jeupe, akaliweka mbele ya gurudumu. Nyuma akaweka gogo.

"Vizuri. Hapa panalifaa jiwe," Shemeji alisema. "Mahali tambarare, mashine imezimwa, hakuna mtu anayelikimbilia."

Kisha akalala chali chini ya Kobe. Akamwita binti yangu alale naye. Mimi nilipiga magoti, nikachungulia.

"Fuata mguu unakokwenda," alisema. "Shemeji, ikandamize pedeli kwa mkono kana kwamba unaikanyaga. Unaona, mwanangu? Pedeli inavuta hii fimbo ya chuma. Fimbo inavuta huu mkono mdogo. Mkono unabana pedi mbili. Pedi zinashika hili bamba la duara. Hilo ndilo diski. Diski likishikwa, magurudumu yanagoma. Ni kama ujumbe unaopita kwa watu. Mmoja akiulalia, wa mwisho hajui lolote."

"Kama malalamiko yangu ofisini," nilisema.

"Wewe kanyaga, acha siasa."

Nikakanyaga. Pedeli ilizama, lakini mkono mdogo haukusogea. Shemeji akashika mwisho wa fimbo. Kulikuwa na nati pale, imelegea mpaka inakaribia kuanguka. Fimbo ilikuwa inacheza bure.

"Mwizi tumempata," alisema. Akaikaza nati. "Kanyaga tena."

Pedeli ikawa ngumu. Nilifurahi, nikaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi, mzee? Pedeli ngumu si breki. Breki ni gurudumu kugoma. Toeni jiwe na gogo. Mmoja akanyage, wengine tusukume."

Nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Wao wawili wakasukuma. Kobe akatembea. Alitembea kama hajasikia kitu.

Shemeji aliguna. "Basi nimepata nusu tu. Mashine kuukuu ni kama mzee mgonjwa. Haiumwi sehemu moja."

Tukazuia magurudumu tena. Akafungua zile pedi. Kila alichotoa alimpa binti yangu, na binti yangu akakipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano, ili kirudi kilipotoka. Pedi zilipotoka, Shemeji alizipapasa kwa kidole gumba. Kidole kiliteleza. Alizinusa.

"Hii ni oili," alisema. "Zimelowa mpaka ndani. Pedi inashika kwa kukwaruza. Ukiipaka oili haishiki tena, hata ukanyage mpaka mguu uvunjike. Nani aliyepaka oili kwenye breki?"

Binti yangu alitazama chini. Mimi nilitazama mlango wa stoo. Kopo la oili lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari wake, na kitambaa chake kimefungwa vizuri kwenye mpini. Mke wangu alikuwa akikifunga hivyo kila Jumamosi.

Shemeji alifuata macho yangu, akaliona kopo.

"Ilikuwa inalia hata bila kukanyagwa," nilisema. "Waliamuru chochote kinacholia kipakwe."

Shemeji alizishika pedi zile mbili mkononi. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

"Breki ikilia haina kiu," alisema polepole. "Inaita fundi. Inasema pedi zimekwisha, au uchafu umeingia. Dada yangu hakuambiwa. Nani angemwambia?"

Aliondoka bila kuaga. Nilidhani harudi. Alirudi jua limesimama kichwani, ana pedi mpya kwenye karatasi. Alizitoa kwenye duka la vipuri lililo nyuma ya gereji yao.

"Zile za zamani siwezi kuziosha?" binti yangu alimuuliza.

"Hapana. Oili ikishaingia haitoki. Na breki hainunuliwi iliyotumika. Nunua kiti kilichotumika, nunua hata trekta. Pedi ziwe mpya."

Walilisafisha diski kwa maji ya sabuni, wakalikausha kwa kitambaa kisafi. Walilisugua kwa msasa mpaka likang'aa. Shemeji aliukagua ule mkono mdogo kama umeshikwa na kutu. Aliiangalia springi inayorudisha pedeli, akaona bado ina nguvu. Pini ya fimbo ilikuwa imelika, akaibadilisha. Kisha wakazifunga pedi mpya.

"Sasa kurekebisha," alisema. Akampa binti yangu spana. "Shika wewe. Mimi siishi hapa."

"Nikikosea?"

"Utajua, maana hatutoki hapa mpaka tujaribu. Kaza nati kidogo. Baba yako asukume."

Tukaondoa jiwe na gogo. Binti yangu akakaza, mimi nikasukuma. Kobe alikuwa mwepesi. Akakaza tena. Akawa mzito. Akakaza tena. Sasa nikasukuma mpaka mgongo ukalia, Kobe hakusogea, na hakuna aliyekanyaga pedeli.

"Umezidisha," Shemeji alisema. "Ukiiacha hivi, breki itakuwa inashika safari nzima. Itapata moto, pedi zitaungua, na utabaki huna breki tena. Legeza kidogo."

Binti yangu akalegeza. Nikasukuma, Kobe akatembea vizuri.

"Hapo. Pedi ziwe karibu sana na diski lakini zisilibane. Kati yake ipite kadi nyembamba tu. Haya, Shemeji, panda ukanyage."

Nikapanda, nikakanyaga. Walisukuma wote wawili. Magurudumu yaligoma. Walisukuma mpaka viatu vyao vikachimba udongo. Kobe hakwenda popote.

Binti yangu hakushangilia. Aliweka spana chini, akakaa kando yake, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu Jumatano ile. Shemeji hakumnyamazisha. Mimi pia sikumnyamazisha. Kinacholia kina sababu.

Baadaye tulirudisha waya wa plagi, tukajaribu. Kwanza mahali tambarare, polepole. Endesha, simama. Endesha, simama. Kisha mwanzo wa mteremko, bila tela, na hakuna mtu chini. Kisha na tela tupu. Kisha na mifuko michache.

"Sikilizeni," Shemeji alisema. "Kobe ni mdogo, na tela halina breki yake. Ukilijaza, tela ndilo linaloendesha. Kwenye mteremko beba kidogo, nenda mara mbili. Na kushuka gia huru mwisho leo. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kumzuia. Njia ikiwa tope, usishuke."

"Na petroli yao?" niliuliza.

"Waje wainywe."

Jumatatu asubuhi Bwana Kesho alisimama mlangoni pa ofisi kuangalia jiwe lake jeupe likianza kazi. Hakuliona. Alichoona ni binti yangu juu ya kiti cha Kobe, anashuka polepole na tela nusu. Mimi nilitembea nyuma, mbali, mikono mitupu. Kwenye kona, karibu na ukuta ule, binti yangu alikanyaga breki. Kobe akasimama. Akafunga breki ya kuegesha, ile inayoishikilia pedeli ikiwa imekanyagwa, akashuka, akaachia mikono. Kobe alikaa pale kwenye mteremko kama amepandwa.

Bwana Kesho alikuja mbio.

"Nani kawapa ruhusa ya kulifungua?"

Alizunguka trekta. Alilisukuma kwa mguu, kisha kwa mikono. Halikusogea. Uso wake ukalegea.

"Safi," alisema. "Safi sana. Nitawaambia wakubwa tumelitengeneza."

Tumelitengeneza. Alisema hivyo, na mke wangu hajamaliza mwezi ardhini.

Tangu siku hiyo hakuna mtu anayetembea na jiwe katika bustani hii. Kila Jumamosi binti yangu anamkagua Kobe. Anakanyaga pedeli kuona kama imeanza kuzama. Anaangalia nati, pini na springi. Anamsukuma breki ikiwa imeshika. Oili anaipaka panapotakiwa, na kwenye breki hata tone haligusi. Breki ikilia, anaegesha, anafungua, anatafuta sababu. Watu wa bustani nyingine wenye matrekta kama letu wameanza kuja kumwuliza, naye anawaonyesha bila kuringa. Ana mikono ya mama yake.

Jiwe jeupe liko nyuma ya stoo. Rangi imeanza kubanduka.

Lakini asubuhi ile ya Jumatatu, kabla Bwana Kesho hajaondoka, binti yangu alimwita.

"Bosi, nina swali."

"Sema, binti."

Alitazama ule ukuta wa mawe, mahali palipokwaruzwa na tela. Kisha akamtazama yeye.

Bwana Kesho alilisikia swali lote. Alitazama saa yake, akatazama nyasi, akasema atamjibu kesho. Mvua zimekwisha, kiangazi kimeingia, na kesho hiyo hatujaiona. Nimelipeleka swali ofisini mara mbili mimi mwenyewe. Sasa naliweka hapa. Labda wewe unayesoma utakutana na mtu anayeweza kulijibu. Binti yangu aliuliza hivi:

"Kama spana moja na Jumapili moja vilitosha, kwa nini mama yangu alipewa jiwe?"